Rafu ya Juu ya Bi Mwatima

Kanga ilikuwa imekunjwa mara tatu. Hapakuwa na kubwa zaidi ya hilo, na mtu mwengine angelipita bila ya kuona. Lakini Wanu tangu yuko kwa mamake alikuwa mtu wa kukunja mara nne, pindo juu ya pindo, na katika nyumba yao ile ya Mkunazini hapakuwa na mkono mwengine wa kukunja nguo. Mumewe, Usi, zake huzivua akaziacha pale pale zilipoanguka. Mtoto wao Tabia alikuwa na miaka saba, na kukunja kwake kulikuwa ni kufanya bonge akalisukuma ndani. Aliyekuwa akikunja mara tatu, upindo ndani, ni mamake Usi, Bi Mwatima. Na Bi Mwatima keshazikwa, na arubaini yake ishasomwa.

Wanu akaikunjua ile kanga, akaikunja upya mara nne, akafunga kabati. Alijiambia ni machofu.

Na kuchoka alikuwa na haki, maana kabati lile lilimla siku mbili nzima. La mbao za msaji, refu karibu kugusa boriti, milango miwili, kioo kishaota madoa, rafu nne ndani. Miaka thelathini Bi Mwatima alitia humo na hakutoa. Kanga moja moja zilizopotelewa na mwenzake, mabuibui yaliyokatika kamba, kofia za mume aliyekufa zamani, vikanzu vya Usi vya utotoni, nondo wamejilia wanavyotaka. Ukifungua mlango mmoja nguo zinakuangukia miguuni. Kazi ya Wanu ilikuwa kupanga mafaili ofisini, na kila jioni alirudi akalitazama kabati lile moyo ukimwasha, ila bibi mwenyewe yu hai, angesema nini? Arubaini ilipopita tu, akajifunga kibwebwe.

Alizitoa zote, akazirundika kitandani: za kuvaa huku, za kutoa kule, za kudekia mlangoni. Akazianika uani, akapangusa rafu kwa maji ya ndimu, akatia punje za karafuu kila pembe kwa ajili ya nondo. "Tabia!" akiita, na kokote aliko mtoto, darini au ngazini, hujibu kwa sauti ya kupasua masikio kama alivyofunzwa na bibi yake, "Naam, mama!" kisha akaja mbio kubeba vifurushi. Wanu alifurahi, nisiseme uongo. Kuna watu furaha yao ndiyo hiyo, na hapakuwa na ubaya wowote mpaka alipofika rafu ya juu.

Huko palikuwa na furushi moja tu: shuka mbili pana za bafta, nyeupe kama mpya, na kanzu moja nyeupe, zimekunjwa mara tatu, zanukia udi. Kila Ijumaa Bi Mwatima alikuwa akizifukiza. Na siku tatu kabla ya kufa alimshika Wanu mkono.

"Rafu ya juu si yangu," alisema. "Ina mwenyewe. Ni ruhani, nnaye tangu mwari, na hana shari akiheshimiwa. Nikifa mwiteni Mzee Jaku wa Makunduchi aje azungumze naye, amhamishe. Mpaka hapo usiiguse, mwanangu."

"Sawa, mama," Wanu alimwambia, namna anavyoitikiwa mgonjwa.

Sasa, mwosha ana haki yake. Aliyemwosha Bi Mwatima ni Bi Kidawa wa Malindi, na desturi ni kuwa nguo za marehemu anapewa yeye. Wanu akalitazama lile rundo la kutoa, akaona ni matambara matupu. Na mwaka ule wa sabini na moja kitambaa kilikuwa hakionekani madukani. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na adhuhuri wanarudi mikono mitupu. Aliona haya kumpa mama wa watu matambara. Akatazama juu. Jini gani huyo, alisema moyoni, akae na bafta mpya na waja wa Mungu hawana cha kujisitiri? Akapanda kigoda, akaliteremsha furushi.

Bi Kidawa alilinusa. "Lanukia vizuri. La nani hili?"

"La marehemu," Wanu akajibu. "Ila alikuwa halivai."

Bi Kidawa akaomba dua, akaenda zake. Kwenye ile rafu tupu Wanu akapandisha boksi la viatu vya Usi. Ya pili ikawa ya nguo za Usi, ya tatu yake mwenyewe, na ya chini, anayoifikia mtoto, ikawa ya Tabia. Alipolifunga, milango ilikutana sawasawa kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

Wiki haikutimia, akaiona ile kanga.

Kesho yake viatu vya Usi vilikutwa mlango wa nje, vimepangwa vizuri, ncha zimeelekea njiani. Usi alidhani mkewe kavitoa vipate hewa. Wanu alidhani ni mumewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Jua la utosi, mtaa mzima umejinyoosha kwa joto, Usi katoka, na Wanu yuko jikoni anachambua mchele. Akasikia: pa. Akaacha kuchambua. Pa. Ni sauti anayoijua kila mwanamke, ya nguo inayokung'utwa kabla ya kukunjwa. Ilitoka chumbani. Alipofika, chumba kitupu, kabati limefungwa, na harufu imetanda, ya udi, na chini ya udi harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa. Akafungua. Nguo zote, rafu kwa rafu, zilikuwa zimekunjwa mara tatu. Na gauni jeupe la Tabia, lile la Idi, lililokuwa rafu ya chini, lilikuwa limelala rafu ya tatu, juu ya kanga zake.

"Tabia," aliita.

"Naam, mama," akajibu mtoto kutoka uani. Na papo hapo, karibu na sikio la Wanu, chini chini kama mtu aliyefunikwa shuka, "Naam, mama."

Alilirudisha gauni rafu ya chini. Jumatatu akalikuta rafu ya pili. Akalirudisha. Na kila gauni lilipopanda, Tabia naye alikuwa akiondokewa na kitu: Jumapili aliacha kukimbia ngazini, Jumatatu aliacha samaki akasema ananuka, akaanza kunawa mikono mpaka vidole vikajikunja, akawa anakaa mkekani mgongo umenyooka, mikono mapajani, anamtazama mamake kwa upole wa mgeni aliyekaribishwa nyumba asiyoipenda, na Wanu, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili na kumwogesha kwa mikono yake mwenyewe, akajikuta anapita mbali naye ukutani, akajijua kuwa anamwogopa mtoto wake.

Jumanne, baada ya alasiri, gauni lilikuwa rafu ya juu. Wanu akamvuta Usi mpaka kwenye ngazi.

"Sema polepole," alimnong'oneza. "Asisikie."

"Nani asisikie?"

Akamweleza yote. Usi akaegemea ukuta.

"Mzee Jaku ulimwita?"

"Sikumwita."

"Mama alikwambia umwite, Wanu. Nami ukanambia ushampelekea salamu."

"Nilikwambia uongo. Niliona ni mambo ya kizee. Nenda Makunduchi sasa hivi, basi la mwisho halijaondoka. Mie nnakwenda kwa Bi Kidawa kuzitaka zile nguo."

Malindi alifika anahema. "Hodi. Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona rangi imekupotea?"

"Lile furushi, Bi Kidawa. Nnaliomba. Nitakupa kanga zangu zote, doti kwa doti, naomba lile tu."

Bi Kidawa akaweka chini ungo wake. "Halipo," alisema. "Siku ile ile nimeitwa hospitali. Bibi mmoja kafa, hana mtu, hajulikani atokako. Sanda haikupatikana mji mzima. Ningemzika na gunia? Nilizikata zile shuka na ile kanzu, nikamvisha, zikamtosha kama alipimiwa. Nikakuombea na wewe thawabu."

"Kazikwa wapi?"

"Mwanakwerekwe, na waliokufa siku ile. Hata alama hakuwekewa." Akamtazama vizuri, kisha akashusha sauti. "Zilikuwa za nani zile nguo, Wanu? Niambie kweli. Nilikuuliza siku ile, ukanambia za marehemu."

Wanu akageuka, akatoka. Alilia njia nzima, watu wakampisha wakidhani kafiwa.

Mzee Jaku alikuja Jumatano asubuhi pamoja na Usi, mzee mfupi mwenye kofia ya viua, na chini ya kwapa la Usi kipande cha bafta alichokipata kwa kumwangukia rafiki yake bandarini. Wakafukiza ubani, wakanyunyiza marashi ya waridi. Tabia alikaa katikati ya chumba, ametulia, hakutazama chetezo wala kusikiliza kisomo. Mzee Jaku alisoma mpaka jasho likamtota, kisha akakiweka kile kitambaa mbele ya mtoto.

"Sahib," alisema kwa adabu, kama anayezungumza na mkubwa wake. "Walikosa. Hawakujua. Pokea hii, nami nikuhamishe nikupeleke kwetu, pana nafasi na pana heshima."

Mtoto akakigusa kitambaa kwa ncha ya kidole. Sauti iliyomtoka haikuwa nene wala ya kutisha. Ilikuwa ya mtu mzima, mpole, aliyechoka.

"Zangu mmemvisha maiti," alisema. "Miaka arubaini nimezivaa, mkaenda kuzitia udongoni. Hiki nacho mtakuja kukitoa, siku mtakayopanga tena. Mtoto hamtamtoa."

Akakisogeza kitambaa pembeni, akarudisha mikono mapajani.

Mzee Jaku akainuka. Akawavuta Wanu na Usi mpaka kizingitini.

"Ruhani humpanda mtu kichwani, akishapewa haki yake akashuka," alinong'ona. "Hayo ndiyo niyajuayo, na hayo nnayaweza. Huyu hakupanda. Huyu hana nguo, basi kamvaa mwanao. Angekuwa na zile zake ningemwambia azivae, amvue mtoto. Zile zimo kaburini, na kaburi mie sifukui."

"Na mwanangu yuko wapi?" Wanu aliuliza.

"Mwite."

Wanu akaingia chumbani. "Tabia," aliita.

Yule aliyekaa mkekani hakuinua uso. Kutoka rafu ya juu kabatini, nyuma ya mlango wa msaji, ikaja sauti ndogo, ya karibu sana na ya mbali sana.

"Naam, mama."

Wanu akafungua kabati, hakungoja kigoda. Alipanda juu ya rafu za chini kwa miguu yake, akalishika lile gauni jeupe, lina joto la mwili, akalivuta. Na nyuma yake Usi akapiga ukelele, maana mtoto mkekani alikuwa ameanguka ubavu, midomo imegeuka buluu, kifua kimesimama. Mzee Jaku akampokonya Wanu gauni, akalitupia rafu ya juu. Kifua kikainuka tena, pole pole. Mtoto akajikalisha, akanyoosha mikunjo ya nguo yake.

"Usilishushe tena," Mzee Jaku alisema. "Ukilishusha, wanakufa wote wawili. Likunje mara tatu, Ijumaa ulifukize, na usipange tena kabati hili maisha yako." Hakunywa hata maji. Aliondoka akisoma, na sauti yake ilisikika mpaka kona ya njia.

Hayo yana zaidi ya mwaka sasa. Majirani wanamsifu Tabia. Mtoto kapata adabu, wanasema, hapigi kelele, msafi, nguo zake anazikunja mwenyewe, Mungu kawapa mtoto. Amerefuka, na magauni ya zamani hayamwingii. Wanu huitikia shukrani. Usi siku hizi hulala barazani, na akiingia chumbani kuchukua shati hachelewi kutoka.

Kila siku baada ya alasiri, yule mwengine akishakwenda kunawa, Wanu hupanda kigoda, akafungua mlango wa kabati kidogo. Lile gauni la miaka saba lipo pale pale, limekunjwa mara tatu, bado lina joto. Huita kwa kunong'ona, akajibiwa kwa kunong'ona.

"Naam, mama. Nshushe. Huku kiza."

"Kesho, mwanangu," Wanu humwambia. "Lala, nitakushusha kesho."

Na mtoto huwa anamwamini.