Gamba Lisilovuja

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Sidonie alipotoka nyumbani kwenda kutafuta gamba la nyambizi.

Si nyambizi ya kubeba watu. Ilikuwa ndogo, ya kuongozwa kutoka mbali kwa telekomande, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Shemeji yake, Chadrack, fundi wa redio kule Kasongo, alikuwa amekuja Nyangwe na kila kitu: mota, betri, taa, na kamera aliyoing'oa kwenye simu. Kilichomshinda ni mwili wa nje. Alijaribu bomba la plastiki, likaingiza maji. Alijaribu bidoni mbili za mafuta zilizogandishwa kwa gundi, zikaingiza maji. Kwenye mtandao aliona wazungu wanauza magamba mazuri, vipande viwili vinavyofungana kama ganda la karanga, lakini muuzaji alikuwa hajawahi kusikia jina la mkoa wao, Maniema.

"Shemeji, vyote viko," alisema. "Gamba tu ndiyo haiko."

Walikuwa wanamtafuta Marcellin, kaka yake Chadrack, mume wa Sidonie. Pirogi, mtumbwi aliopanda, ilipinduka katikati ya mto Lualaba. Wenzake wote walipatikana, wazima na wafu. Yeye hapana. Na mama mkwe alikuwa na neno moja tu: bila mwili hakuna kuzika, bila kuzika hakuna kuondoa matanga. Mjane aliye kwenye mkeka wa matanga haendi sokoni kuuza mafuta ya mawese. Watoto walikuwa wanakula sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta wala chumvi. Sidonie hakuwa amelia. Kila alipotaka kuanza, alikumbuka unga umekwisha.

Wavuvi walimwambia kuna fundi mmoja, mbele ya pirogi za mwisho, anayetengeneza vitu vya kuingia majini. Walimwelekeza kwa midomo, bila kunyoosha kidole.

Alimsikia kabla hajamwona.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mzee alikuwa amekaa mbele ya kibanda, amempa mgongo, anakwangua mti. Palinuka tope, utomvu, na kitu kingine... kama shimo ambamo mnyama wa majini amelala muda mrefu. Magamba yalikuwa yamepangwa kwenye mkeka, meusi, laini.

"Hodi, papa."

"Karibu, mama." Hakugeuka. "Unatafuta ya kuangalia, ao ya kuleta?"

"Ya kuangalia. Tutaweka kamera."

"Wote wanaanza hivyo."

"Nataka isiyovuja. Mbovu nimeona za kutosha."

"Basi pima weye mwenyewe."

Muuza mawese hafundishwi kupima chombo. Unakifunga, unakiminya, unakisogeza shavuni. Kama kuna tundu, hewa itakugusa. Sidonie alichukua gamba la kwanza, akalibana, akaliweka shavuni. Hewa ikamgusa.

"Hii inavuja."

Akachukua lingine.

"Hii pia. Papa, ulikuwa unauzia vipofu?"

Mzee akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Mama, uko mugumu. Chukua ile ya pembeni."

Lilikuwa zito kidogo kuliko mengine. Alilibana kwa nguvu zake zote. Akaliweka shavuni.

Kimya.

Kisha hewa ya moto ikapita shavuni mwake. Ikakatika. Halafu ikavutwa kurudi ndani, polepole, ikavuta na vinyweleo vya sikio lake.

Ikatoka tena.

Ilinuka tumbaku na ndizi ya kuchoma.

Ile ilikuwa pumzi ya Marcellin anapolala chali.

Mwingine angelitupa akakimbia. Sidonie alipitisha kucha kwenye mshono, mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na tundu. Alichofikiri ni kwamba halivuji.

"Hii," alisema.

"Hiyo ni nzuri. Lakini siuzi. Naazimisha. Ikimaliza kazi yenu, itarudi yenyewe."

"Vizuri."

"Na hairudi tupu."

Sauti yake ilishuka pale mwisho, ikawa kama mnong'ono. Sidonie alikuwa mtu wa soko. Alijua sharti linalosemwa polepole ndilo lenye uzito. Alilisikia vizuri, akafunga gamba mgongoni kwa kitenge, akaondoka.

Giza lilimkuta njiani. Mgongo wake ulikuwa wa moto. Gamba lilijisogeza mara moja, kama mtoto anayetafuta pa kulaza kichwa.

Hakugeuka.

Asubuhi Chadrack alilifungua, akalikuta tupu, kavu. Alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Shemeji! Hata Wachina hawafikie hapa!"

Akafunga mota na kamera, akaliteremsha majini. Likazama bila povu hata moja. Akabonyeza kwenda kulia. Taa ikaonekana chini ya maji ikienda kushoto, kinyume cha mkondo, kwa mwendo ambao mota ile haikuwa nao.

"Inanikatalia! Shemeji, haisikie!"

"Iache," alisema Sidonie.

Mchana, wavuvi walipiga kelele kutoka kwenye kisiwa cha mchanga. Marcellin alikuwa amelazwa pale chali, maiti. Hakuwa amevimba. Nguo zake zilikuwa kavu. Kwenye makwapa palikuwa na alama ndogondogo, mistari miwili iliyonyooka, kama za meno yaliyobeba bila kuuma.

Wazee waliziona wakatazamana. Walisema wanazika leo leo.

Matanga yakaondolewa. Sidonie akanyolewa, akaoga, akarudi sokoni. Gamba halikuonekana tena. Chadrack alirudi Kasongo bila kamera yake, wala hakuulizia.

Muda si mrefu mvuvi mmoja, mume wa mwanamke aitwaye Yvette, alikuwa anajisugua sabuni mtoni, maji yakimfika magotini. Alitoweka bila kupiga kelele. Watu walisema ni mamba. Wengine walisema ni mamba wa kutengenezwa kwa uchawi, wa watu, maana hakuwa na macho, na alikuwa mdogo kiasi cha kubebwa mgongoni. Waliokuwa karibu waliapa kwamba chini ya maji kulikuwa na taa.

Siku ya soko Yvette alikuja kwenye meza ya Sidonie, mtoto mgongoni.

"Yaya, dada yangu, nisaidie. Wanasema nyinyi mulipata wenu. Ile gamba mulitoa wapi?"

Sidonie aliendelea kumimina mafuta.

"Banakwambia nini, kwenu?"

"Mama mkwe anakatala. Bila mwili, hakuna kuondoa matanga."

"Watoto wanakula?"

Mtoto alikuwa ameanza kunyonya pindo la kitenge.

Sidonie alijaza kopo la mawese, akampa bure. Kisha akainama, akamwambia njia, kwa sauti ambayo muuzaji wa jirani hakuisikia.

"Mzee atakwambia neno moja kabla hujaondoka," alinong'ona. "Ulisikilize vizuri."

"Neno gani?"

"Utaelewa."

"Na weye, ulielewa?"

Sidonie akafuta shingo ya chupa kwa kidole.

"Nilielewa."

Yvette alikaza kitenge kilichombeba mtoto. Kisha akaondoka, kwa haraka, kuelekea mtoni.

Jioni Sidonie alifunga mapema. Aliwakuta watoto wake wameshika taulo na sabuni, akawanyang'anya. Kuanzia leo wataoga nyumbani, alisema, maji watachota kwenye chemchemi kule juu, hata kama ni mbali.

"Mpaka lini, mama?"

Alijua gamba la Yvette nalo halitarudi tupu. Aliweka sufuria motoni, akasonga ugali.