Tambuu Juu ya Mkeka Mtupu

Tambuu ilitoweka. Ma Thein Yin alikuwa ameinyoosha kwa vidole viwili juu ya mkeka usiokaliwa na mtu, mara vidole vikabaki vitupu. Akatazama chini. Hata kipande cha jani hakikuwapo.

"Nani kaichukua?"

"Wewe tabasamu!" akafoka U Pho Lin, mwenye filamu. "Jua linatukimbia!"

U Pho Lin alikuwa mbishi wa kupindukia. Kijana aliyeigiza mchumba alikuwa hoi kwa homa, na mbishi huyo akaamua msichana achumbiwe na hewa. Kijana angepigwa picha akipona, vipande viunganishwe. Asubuhi hiyo pia alikataa kumwekea jini mlinzi wa mahali pale sadaka yake ya nazi na ndizi. "Filamu ni sayansi, si ngoma ya kijijini," alisema. Basi sayansi yake ikamfanya asahau jambo ambalo hata watoto wa Rangoon wanalijua: msichana akikunja tambuu kwa mkono wake akampa aliyekuja kumposa, amemkubali.

Tangu siku hiyo Thein Yin akawa anasikia harufu ya tambuu iliyotafunwa kwenye mto wake. Akimsogelea Ko Tin Pe, mpiga picha, mchumba wake wa kweli, mkono unakufa ganzi. Na harusi yao ilikuwa mfungo wa mvua, miezi ambayo Wabudha hawaoani, ukiisha tu.

"Kuna mtu ananipumulia shingoni, Ko Tin Pe," alinong'ona. "Hata sasa hivi."

Wakaenda kwa Daw Hla Mei, mganga aliyejua kusema na majini.

"Jini hakukuteka, mwanangu," mama yule akasema, macho chini. "Ulimpa mwenyewe. Kamkatae palepale, mbele ya macho yaleyale, hata lile la kamera."

Wakarudi. Safari hii nazi iliwekwa, na U Pho Lin mwenyewe ndiye aliyeibeba. Tin Pe akazungusha mkono wa kamera. Thein Yin akautazama mkeka, akatikisa kichwa, akasema, "Sikutaki. Nina mchumba." Harufu ikakatika. Tin Pe alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Filamu iliposafishwa wakafunga madirisha adhuhuri, wakaketi kuitazama, na ukutani Thein Yin akaonekana mbele ya mkeka, akatikisa kichwa kama walivyokumbuka, lakini mkeka ukabonyea taratibu kama unaokaliwa na mtu mzito, naye Thein Yin wa ukutani akageuka, jambo ambalo hakulifanya siku ile, akageuka mpaka akaitazama kamera, akamtazama aliyekuwa akiizungusha, midomo yake ikaanza kusema bila sauti.

Tin Pe akaushika mkono wa mchumba wake gizani.

Thein Yin akauchomoa. Macho yake hayakubanduka ukutani, na sauti yake ikatoka sawia na midomo ile:

"Sikutaki, Tin Pe. Nina mume."