Usijipake Marashi

Walikutana kwenye moshi. Ilikuwa mchana, soko la Katutura, watu wamebanana mbele ya majiko ya kapana, nyama ya kuchoma, utadhani nyama inagawiwa bure. Ndahafa, muuza marashi, alikuwa ndani ya gauni la waridi lililomkaa sawasawa, na mafuta ya nyama yanamchuruzika mpaka kiwikoni. Kijana mrefu mwenye shati jeupe akamnyooshea leso.

"Dada, gauni zuri hivyo litaharibika."

"Kaka, unaangalia gauni au mwenye gauni?"

"Gauni. Mwenyewe namwogopa."

Ndahafa akacheka mpaka nyama ikamponyoka. Kijana akasema jina lake Uazuva. Lakini mbona hakugusa pilipili?

"Mwanamume gani anakula kapana bila pilipili?"

"Mwenye kazi kesho asubuhi."

"Kazi gani hiyo?"

"Ya maji ya jiji," akasema, na papo hapo akauliza habari za marashi.

Mvua za kwanza ziliwakuta wanaitana roho yangu. Jumamosi wajomba wa Uazuva wangekuja kwa wazazi wa Ndahafa kuposa. Furaha tupu? Thubutu! Ndahafa alikuwa na donge rohoni. Alimpa mpenzi wake chupa ya marashi ya bei mbaya. Siku nyingine ananukia, siku nyingine hata harufu ya sabuni hana. Na zipo asubuhi akitaka kubusiwa mdomoni, mwenzake anatoa shavu. Mwanamke akishapewa shavu, jamani, hawezi kulala.

Alhamisi jioni Uazuva alikuwa bafuni kwa Ndahafa, simu yake ikawaka mezani. Magda. Ndahafa akasoma bila haya: "Kesho saa mbili. Usijipake marashi. Usile vitunguu. Na usichelewe kama juzi!"

Usile vitunguu! Kama si midomo kukutana, ni nini?

Uazuva alipotoka, akamkuta anatabasamu.

"Roho yangu, kesho nikukaangie mayai na vitunguu?"

"Hapana!" Alishtuka kama kaungua. "Yaani... kesho sitakula, mpenzi. Nawahi kazini."

"Haya, baba. Wahi."

Alipoondoka tu, Ndahafa akampigia baba yake.

"Tate, wajomba wasije kwanza."

"Una wazimu? Mama yako ameshakoroga mapipa mawili ya oshikundu ya kunywesha wageni."

"Kesho nitakwambia. Mimi sitaolewa na mtu wa watu wawili."

Asubuhi akajimwagia marashi makali kuliko yote dukani, ili huyo Magda ajue mwenye mali amefika. Akamfuata Uazuva kwa teksi hadi kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, nje kidogo ya mji. Siku hiyo walikuwapo wageni kutoka jiji lililokaukiwa na mabwawa, wamekuja kujifunza jinsi majitaka yanavyosafishwa na kurudishwa mabombani. Mlinzi akadhani naye mgeni, akamfungulia. Ndahafa akaifuata sauti ya Uazuva, akasukuma mlango kwa bega.

"Magda ni nani humu?"

Watu watano walikuwa wameizunguka meza ya glasi za maji. Uazuva alikuwa na maji mdomoni, macho kayafumba, yakampalia. Mama mmoja mnene wa miwani na koti jeupe, umri wa kumzaa Ndahafa, akainua pua.

"Magda ni mimi. Na Mungu wangu, fungueni madirisha! Leo hakuna kuonja tena."

Uazuva, akikohoa, akawageukia wageni. "Mashine hupima mengi, lakini ladha na harufu tunapima kwa ulimi na pua. Marashi kidogo tu, kila glasi inaonekana mbovu. Mnaona wenyewe."

"Hilo hatukulifikiria," akasema mgeni mmoja, akiziba pua.

Aibu ilimshika Ndahafa mpaka machozi. Akatoka, Uazuva nyuma yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliyekuwa naye kabla yako nilimwambia. Akasema mdomo unaoonja maji ya choo hautamgusa. Akaniacha."

"Kwani mimi ni yeye?"

"Wewe umesoma simu yangu, Ndahafa! Hukuniuliza."

"Ungenidanganya!"

Uazuva akakubali kwa kichwa. "Inawezekana. Nakupenda, na nilikuogopa. Na baba yako naye? Atampa binti mwonja maji ya choo?"

Ndahafa akafuta machozi, akapiga simu, akaiweka kwenye spika wasikie wote.

"Tate, nilikosea, hana mwanamke. Kazi yake ni kuonja maji. Yale yaliyotoka chooni, yakishasafishwa."

Uazuva akaangalia viatu vyake.

"Sasa kwani hii chai yangu ina maji gani?" mzee akauliza. "Wajomba waje. Ila huyo kijana mwambie maji ya Jumanne yalinuka dawa, na mimi nataka maelezo."

Uazuva akainamia simu.

"Kweli yalinuka, Tate. Hata mimi niliwaambia kazini."