Abiria wa Nyuki

Nyuki wa mzinga mzima walikufa. Nyamizi aliwakuta chini ya mti, wametapakaa kama maharage yaliyomwagika. Aliyewaua ni Mabula, mume wake, naye alidhani anawatibu.

Mabula ni mfugaji wa ng'ombe katika kijiji jirani na Buseresere. Aliona vidudu vimeng'ang'ania miguu ya nyuki, akasema hao ni kupe. Dawa ya kupe anaijua. Akachanganya ile ya kuogeshea ng'ombe, akabeba bomba, akapuliza mzinga mmoja kati ya minne.

Sasa alikuwa amelibeba tena. Ilibaki mizinga mitatu, na asali yake ndiyo ingemvalisha binti yao, Vumilia, aende sekondari. Nyamizi akasimama njiani.

"Baba Vumilia, hupiti hapa."

"Kupe watawamaliza nyuki wako."

"Umewamaliza wewe. Kwanza tumuulize Mama Masudi."

Mama Masudi ni jirani yao, mama mtu mzima aliyefuga nyuki tangu akiwa kwao Tabora. Alipokwisha kuamkiwa, aliokota nyuki mmoja aliyekufa, akamweka juu ya karatasi nyeupe. Mguuni kilikuwepo kidudu, kidogo kuliko punje ya mchele. Akawaambia wahesabu miguu yake. Minane. Mabula akatabasamu, maana kupe naye ana minane.

"Ni ndugu wa kupe, lakini si kupe," alisema Mama Masudi. "Tazama mbele, ana magando kama nge. Mkia wa sumu hana. Mabawa hana. Akitaka kuhamia mzinga mwingine, anamdandia nyuki. Akifika anashuka."

"Na damu hanyonyi?" aliuliza Mabula.

"Wewe ulipodandia lori la pamba kwenda Shinyanga, ulimnyonya dereva?"

Nyamizi alicheka kwanza. Mabula akafuata, kwa shida.

Mama Masudi akawaonya kwamba dawa ya kupe huua nyuki, na asali ya mzinga uliopuliziwa isiliwe kabisa. Wakiona kidudu wasichokijua, wamwonyeshe afisa nyuki kabla ya kugusa dawa yoyote. Siku hiyohiyo Nyamizi aliyafukia masega yenye sumu, mbali na kisima. Bomba likarudi zizini.

Wakati wa kurina, mizinga mitatu ilijaa. Abiria wale walikuwemo bado, na nyuki hawakuwajali.

Mzinga wa kwanza ulitoa sketi. Wa pili, mashati mawili. Wa tatu, sweta. Viatu vingetoka kwenye mzinga wa nne.

Vumilia alianza sekondari na ndala.