Fungu la Bruda Odo

Aliyenisimulia kwanza ni Goda, mfuaji wa nguo za watawa wetu wa bondeni. Alikuja siku ya tatu baada ya maziko ya Bruda Odo, mikono imekuwa myekundu kwa maji baridi, akakaa kando ya moto wangu bila kukaribishwa.

"Mama Hilda," akasema, "watawa waliobaki pale ni wangapi?"

"Watatu."

"Basi mbona leo nimefua kanzu nne?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Odo alizikwa na kanzu yake, sote tulimwona akishushwa. Goda alisema kanzu ile ya nne ilinuka udongo na mshumaa uliozimwa sasa hivi, na kila alipoikamua ilitoa maji meusi.

Sikutaka kusikia zaidi, na nilikuwa na sababu. Katika nyumba ile, mtawa akifa, chakula chake huendelea kuwekwa mezani mahali pake kwa siku thelathini, na kila siku baada ya mlo hupewa maskini mmoja ili amwombee. Baba Mkuu Serlo alinichagua mimi. Mume wangu alikuwa amevunjika mguu, na mwanangu mchanga Hilda alikuwa ananyonya titi lisilo na kitu. Kila mchana Goda aliniletea langoni mkate wa Odo na kipande cha samaki mkunga, na maziwa yangu yakarudi.

Odo alikuwa na sauti. Watu walivuka kinamasi kwa miguu ili wamsikie akiimba zaburi. Bruda Hamo alisimama kando yake miaka kumi na miwili, naye akiimba, na hakuna aliyewahi kutembea hata hatua kumi kwa ajili yake. Alichokuwa nacho Hamo ni mwandiko. Ndiye aliyeandika kitabu cha nyumba: nani alitoa shamba, lini paa liliungua, nani amekufa. Kila marehemu jina lake husomwa humo siku ya kumbukumbu yake, mara moja kwa mwaka. Asiyeandikwa hasomwi. Asiyesomwa haombewi, na roho yake haina pa kwenda.

Siku ya tano, baada ya sala ya alfajiri, mzee Wulfric alimpiga Hamo begani. Wulfric ni kiziwi, huwezi kumwamsha hata kwa kengele.

"Leo Odo ameimba vizuri," akasema. "Ila mwambie apunguze sauti, ananipigia kelele sikioni."

Hamo akamwonyesha kwa mikono kwamba Odo amekufa.

"Kumbe! Basi yule anayekwaruza pembeni yake ndiye wewe?"

Goda alikuwa akifagia mlangoni. Anasema Hamo aligeuka rangi, akamtazama mzee kwa macho ya mtu aliyeibiwa mara mbili.

Kisha ikaja siku ya kumi. Mezani watawa hawasemi. Anayetaka mkate huunganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono miwili, akafanya duara, na aliye jirani humsogezea. Goda alikuwa dirishani pa jikoni akisubiri sahani yangu. Aliona Hamo ameinamia bakuli lake, Baba Mkuu ametulia, mzee anatafuna, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikaingia ingawa palikuwa mchana na hakuna mshumaa uliowashwa, ikazidi mpaka ikafunika harufu ya maharage, halafu pale penye nafasi ya Odo, juu ya sahani ambayo hakuna aliyeigusa, ikatokea mikono miwili ya rangi ya nta, yenye udongo kwenye kucha, isiyo na mtu nyuma yake, ikafanya duara taratibu, ikangoja, ikafanya tena, wala hakuna aliyeweza kupiga kelele kwa sababu ya kanuni, mpaka mzee Wulfric, kwa mazoea tu, akachukua mkate akausogeza.

Baba Mkuu akasimama. Akavunja kanuni mwenyewe.

"Hamo. Ulimwandika Odo?"

Hamo akasukuma bakuli lake kando.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Sikumwandika!" Hamo alikuwa analia. "Akiwa hai mlimsikiliza yeye. Amekufa, nimeshika nafasi yake, na bado mnamsikiliza yeye. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo hayupo!"

Wakamwekea kitabu mbele yake, akaandika. Kanzu zikarudi kuwa tatu. Odo hakuimba tena.

Lakini Hamo naye aliacha kuimba. Kila siku alifungua ukurasa ule akautazama, kama mwanamke anavyotazama mlango wa mke mwenzake. Siku ya thelathini, watu walipovuka kinamasi kwa misa ya Odo wakajaza kanisa, alikaa nyuma. Kesho yake walimkuta ameinama juu ya kitabu, ameshapoa. Kwenye maziko yake, mbali na watawa, tulikuwa Goda na mimi, na Hilda kifuani kwangu.

Jioni ileile Goda alirudi kwangu. Safari hii hakukaa.

"Wamebaki wawili," akanong'ona. "Nimefua kanzu tatu."

"Baba Mkuu amemwandika Hamo?"

"Anasema macho yake mabovu. Ataandika akipata nafasi. Na fungu la Hamo ni lako tena, Mama Hilda. Pole."

Asubuhi yake nilikwenda langoni na mapema. Mimi si mtu wa kusema mbele za wakubwa, lakini Baba Mkuu mwenyewe aliponinyooshea mkate wa Hamo niliweka mikono nyuma.

"Mwandike kwanza, Baba. Niione."

"Wewe hujui kusoma, binti."

"Wino mbichi naujua."

Alinitazama, akaenda, akarudi na kitabu. Akaandika palepale, pua inagusa karatasi. Niligusa pembeni, kidole kikatoka cheusi. Nikapumua, nikapokea mkate. Ulikuwa wa moto.

"Umemwandika wapi, Baba?"

"Chini ya Odo. Kwani wapi tena?"

Ndipo harufu ya mshumaa uliozimwa ilipopita kati yetu. Hilda alikuwa anatazama nyuma, juu ya bega langu. Alikuwa na miezi sita, hajui hata kupunga mkono. Niliona kivuli chake ukutani: ameinua mikono miwili, vidole vimeungana, anafanya duara, kama mtoto anavyomwiga mtu aliye mbele yake.

Sikugeuka. Niliweka mkate wote juu ya jiwe la lango, nikamfunika Hilda uso, nikaenda nyumbani na njaa yangu.