Boksi Lenye Matundu

Foleni ya usaili ilianzia kwenye mlango wa kampuni, ikapinda kona ya benki, ikaishia karibu na choo cha kulipia. Msichana wa blauzi ya njano, kola imekazwa kwa wanga hadi inamchoma shingo, alikuwa amevaa viatu vya dada yake na vilimbana vidole. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye tai fupi, amekumbatia boksi la viatu lililotobolewa matundu kwenye mfuniko.

"Kaka, umebeba vyeti au kifaranga?"

"Vyeti viko kwenye bahasha. Humu kuna kiwavi wangu aliyejifunga kwenye kifuko, leo anatoka kuwa kipepeo."

"Na umemleta kwenye usaili?"

"Nikimwacha chumbani sisimizi watamla. Halafu yeye hakuniuliza kama leo nina nafasi."

Msichana alicheka hadi mlinzi akageuka. Foleni ilipowafikisha mlangoni, ndani ya boksi kukaanza kukwaruza. Kijana alichuchumaa, akafunua. Mdudu alikuwa ametoka, mbawa zimekunjamana kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa.

"Anayefuata!" iliitwa kutoka ndani.

"Tangulia, jirani," kijana alisema bila kuinua macho. "Nikimtikisa sasa, mbawa zitakauka zikiwa zimepinda."

Msichana alitangulia, akapata kazi ya mapokezi. Alipotoka, nafasi zilikuwa zimekwisha, na kijana alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki na kipepeo kidoleni, akitabasamu peke yake. Walipeana namba za simu. Tangu siku hiyo kijana akawa Boksi, msichana akawa Jirani, na mapenzi yakaingia bila kubisha hodi.

Boksi alikuwa na utaratibu wake. Asubuhi alitafuta kazi, ofisi hadi ofisi. Wakishamrudisha mikono mitupu, alijifungia chumbani na mambo yake. Wiki hii anafinyanga filimbi za udongo, wiki ijayo anapima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo. Alijitengenezea hadubini kwa lenzi ya kamera mbovu, na kila alichokiona kwenye tone la maji ya dimbwi alikichora kwa wino ukutani.

"Jirani, mpenzi wangu," alipiga simu mchana mmoja, "nina mnyama hapa ana miguu minane, ndoto yangu ya siku nyingi."

"Mimi nakuuliza umekula nini, wewe unaniletea mifugo!"

Jirani alimpenda kweli. Lakini wenzake wa kazini walikuwa na wachumba wa benki na wa bandarini, na yeye alichoka kusikia watu wakimwonea huruma. Kwa hiyo mama yake alipouliza kwenye simu mkwe anafanya kazi gani, ulimi ukateleza.

"Yuko maabara, mama."

Mama naye si mtu wa kukaa na neno. Jioni hiyo hiyo shangazi alikuwa anajua, na mwezi uliofuata mama alikuja mjini kwa binti yake, kiuno kikimsumbua. Jumamosi walipokwenda kumsalimia Boksi, mama alifungua mkoba na kuweka kichupa mezani, kimefungwa vizuri kwa karatasi.

"Mkwe, huo ni mkojo wa asubuhi. Nipimie, nijue naumwa nini."

Jirani alitamani ardhi ipasuke. Boksi alimtazama yeye, akatazama kichupa, akavuta kiti karibu na mama.

"Shikamoo tena, mama. Mimi sina kazi. Hadubini hii natazamia maji ya dimbwi tu. Kichupa hiki kipeleke hospitali."

Mama alipotangulia nje, ugomvi ukawaka.

"Ungenisitiri tu, Boksi! Ungepoteza nini?"

"Nikusitiri kwa mkojo wa mama yako? Ningemwambia nini, kwamba ni mzima?" Sauti yake haikupanda. "Unanionea haya. Ungeniambia mimi kwanza."

Jirani aliondoka amenuna. Baadaye alipiga simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena siku ya pili na ya tatu. Kazini aliwapokea wageni kwa tabasamu, halafu akajifungia chooni na kulia.

Adhuhuri moja alirudi nyumbani kula, akamkuta mama amekunja miguu kitandani, anachora jani.

"Nani kakufundisha?"

"Mkwe. Kwenye benchi la hospitali, tukisubiri majibu. Wewe si uko kazini? Yeye ndiye anayenipeleka. Wameona ni maambukizi, dawa nameza."

"Amesema nini kunihusu?"

"Hakukutaja. Alisema kesho ana usaili mwingine." Mama aliweka kalamu chini. "Mwanangu, angenidanganya siku ile, mimi sasa hivi ningekuwa wapi?"

Jirani aliomba ruhusa ya mchana ule. Boksi alifungua mlango mikono imejaa udongo, tai ile fupi imefuliwa na kuanikwa dirishani.

"Nimekukosea," Jirani alisema pale pale kizingitini. "Niliogopa midomo ya watu, nikakukana." Akatoa simu, akaweka sauti kubwa. "Shangazi, shikamoo. Yule mchumba wangu hayuko maabara. Hana kazi, nilidanganya."

"Marahaba. Hana kazi! Sasa anashinda akifanya nini?"

"Anachora, anafinyanga, anapima mvua. Na ndiye anayempeleka mama hospitali."

"Haya. Mje basi, tumwone huyo mpima mvua."

Simu ilipokatika, Boksi alikuwa anajizuia kucheka.

"Nioe," Jirani alisema.

"Ngoja kwanza, Jirani. Kesho nina usaili."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo. Nikija kesho ukiwa na kazi, hutajua nimeifuata kazi au nimekufuata wewe."

Boksi alikwenda kunawa mikono, akarudi, akamshika mkono wake.