Kicheko cha Esteria Kinywani mwa Sharifa

Tangu lini mtu akaambiwa anyamaze sokoni? Ndivyo alivyojiuliza Esteria siku ile, akiwa katikati ya kugombana na muuza vifungo, ule ugomvi mtamu wa soko la Lushoto ambao wote wawili mnajua mtakubaliana. Kavaa gauni la kitenge cha njano, juu yake koti zito la mtumba, maana ukungu ulikuwa haujapanda. Mara kijana mmoja mrefu akamwinulia kiganja usoni. Mkono wa pili kashika fimbo ndefu, na juu ya fimbo kuna kitu cha manyoya kama paka aliyelala. Masikioni kavaa hedifoni.

"Dada, samahani. Naomba unyamaze kidogo tu."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Nanasa sauti ya soko."

"Sasa kaka yangu, soko ni nani kama si mimi?"

Muuza vifungo akacheka mpaka akashika meza. Kijana akavua hedifoni, akamtazama Esteria vizuri, kisha akasema, "Kweli bwana. Basi endelea kumgombeza."

"Ugomvi wa kuagizwa siuwezi," Esteria akajibu, akaondoka na vifungo vyake.

Jina lake lilikuwa Alen. Mtoto wa huko Mlola, aliyekwenda kujifunzia kazi ya sauti Dar es Salaam, na sasa karudi na kikundi kidogo kupiga filamu ya mapenzi. Mwongozaji wao, Ibrahimu, alikuwa anatafuta fundi wa kushona nguo za waigizaji, na mjini watu wakamwambia fundi ni mmoja tu, yule binti wa Mzee Yohane mwenye kibanda karibu na stendi. Kwa hiyo siku ya pili Alen akajikuta mbele ya cherehani ya yuleyule dada wa soko.

"Onga mshi," akamsalimu kwa Kishambaa, akidhani atapona.

"Leo nimeruhusiwa kuongea?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza, na wala hayakuchelewa. Kila jioni simu. Alen alikuwa na sauti ya chini, ya taratibu, na alijua kuitumia.

"Este, mama, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula, au umekula upepo na hiyo fimbo yako?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Mh! Haya maneno mnafundishwa huko Dar?"

Jumapili moja baada ya ibada wakatembea pamoja njia ya Irente, Alen anatafuta upepo wa kunasa. Wakati kainua fimbo yake juu, mguu ukateleza, akashuka matuta ya kabichi kwa makalio, moja, la pili, la tatu, huku mkono wa fimbo umesimama vilevile kama wa mtu anayeapa mahakamani. Esteria alicheka. Siyo kucheka kwa kuziba mdomo kama anavyocheka kanisani. Alicheka akakaa chini, akamshika Alen bega, akaendelea kucheka hadi machozi.

Pale pale kwenye kabichi Alen akamwambia, "Este, nataka kumtuma mshenga kwenu."

Kicheko kikakatika. "Nitakujibu," akasema.

Na hakujibu. Si kwamba hampendi, jamani! Kumpenda alikuwa anampenda mpaka anakosea kukata vitambaa. Lakini lile neno alikuwa hajawahi kulitoa mdomoni, na kila alipotaka kulitoa, moyo unamuuliza: huyu ananipenda mimi, au anapenda tu kusikiliza? Nyumbani hawakujua lolote. Filamu ilikuwa ipelekwe Dar es Salaam Jumatatu, kushindanishwa na nyingine, na Alen ndiye wa kuipeleka. Alikuwa ameomba ajibiwe kabla hajaondoka.

Basi Jumapili ile ya mwisho wakaionyesha filamu mjini, watu waione kwanza. Madirisha ya ukumbi yakazibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Esteria akakaa na mama yake safu ya nyuma. Kavaa gauni lake la buluu la kanisani, kajipaka mafuta, moyo unamwenda mbio, maana kila nguo ya filamu kashona yeye.

Filamu ikaanza. Mchumba wa filamu alikuwa Sharifa, dada mzuri wa Tanga, na ndani ya lile gauni jekundu alipendeza kweli. Kikaja kile kipande cha mgahawani. Sharifa na mpenzi wake wamekaa mbele, wakubwa, mwanga wote wao. Nyuma yao, dirishani, mwanamke mdogo anapita na nguo mkononi, anasimama, anawatazama, anaondoka. Filimbi ikalia polepole.

"Maskini," mtu akanong'ona. "Huyo ndiye aliyeachwa."

Esteria akakodoa macho. Aliyeachwa alikuwa ni yeye! Siku ile Ibrahimu alimwambia tu, "Fundi, pita pale dirishani," naye akapita na gauni lililokuwa linasubiri pindo, akasimama kuangalia kama kola ya Sharifa imekaa sawa. Kola! Sasa kwa ile filimbi, na kwa vile alivyowekwa kule nyuma peke yake gizani, hata yeye mwenyewe akaanza kujihurumia. Akajikuta anafuta macho. Akajiuliza, nalia nini? Nimeachwa na nani?

Kabla hajajijibu, Sharifa akafungua kinywa kucheka. Na kicheko kilichotoka hakikuwa cha Sharifa.

Kilikuwa chake. Kile cha kabichi, chote, pamoja na pale mwishoni anapokosa pumzi. Kikajaa ukumbi mzima. Yule mwanamume wa filamu akamshika Sharifa mkono, na watu wakapiga vigelegele, maana kwa kicheko kile nani angebisha kwamba wanapendana?

Esteria akahisi kama kavuliwa nguo mbele ya washarika. Akageuka taratibu. Mama yake alikuwa hatazami shuka. Alikuwa anamtazama yeye.

"Esteria," mama akasema kwa Kishambaa, sauti ya chini kabisa, "hicho ni chako."

"Mama..."

"Nimekuzaa, nimekulea. Nyumbani kwangu hujawahi kucheka hivyo. Nani alikuchekesha?"

Mama akajifunga kitenge vizuri, akasema kama anajisemea, "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ila sikujua yatakohoa ukumbini."

Simu ya Alen ikalia jioni ile mpaka ikachoka. Mwishoni Esteria akapokea.

"Este, mpenzi, umeondoka bila hata kuniaga. Hujaipenda?"

"Alen, kile kicheko umekitoa wapi?"

Akamsikia Alen anavuta kiti.

"Nakuuliza wewe!"

"Cha Sharifa kilikuwa kibaya. Tulirudia na kurudia, kikavu. Ibrahimu akachanganyikiwa. Nikakumbuka ninacho kimoja..."

"Unacho! Umekinunua duka gani? Unanisikiliza kumbe unakusanya? Mimi nacheka na mtu wangu, kumbe nacheka na fimbo!"

"Mtu wako?" Alen akauliza haraka. "Umesema mtu wako?"

"Usinishike maneno!" Akakata simu. Kisha akakaa kitandani, hajui kama ana hasira kwa sababu kaibiwa, au kwa sababu kasikika. Vyote viwili vilimuumiza, na hakuweza kuvitenganisha.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla mabasi ya Dar hayajaanza kupiga honi, Alen akaja kibandani. Macho mekundu, sweta kalivaa ndani nje, kompyuta kaikumbatia. Mama yake Esteria alikuwa nje anapanga mapeasi ya kuuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama akamkagua toka juu mpaka viatu. "Ndiye wewe mchekeshaji?"

Alen akakosa pa kuficha uso. Mama akampisha mlango, akarudi kwenye mapeasi yake, ila akayapanga karibu zaidi na ukuta.

"Ninaomba uone kitu kimoja," Alen akamwambia Esteria, akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. "Halafu ukinifukuza, nitaenda."

Akamwonyesha Sharifa anacheka, bila sauti yoyote. Lilikuwa domo tu linafunguka na kujifunga. Akaweka sauti ya mvua: Sharifa yuleyule akawa kama anaficha msiba. Akaweka mlio wa sahani na vijiko, akawa mtu mwenye njaa. Kisha akaweka kicheko cha Sharifa mwenyewe. Esteria akaona mwigizaji anacheka kwa sababu kaambiwa acheke.

"Unaona? Nilijaribu vicheko vingi, Este. Wote walicheka tu. Wewe ulikuwa..." Akageuka kutoka kwenye kompyuta. "Wewe ulikuwa unanipenda. Inasikika. Ndiyo maana yule mwanamke anampenda yule mwanamume. Bila wewe hampendi."

Esteria akaona joto linampanda shingoni. Maneno matamu, tena ya kweli, na hapo ndipo yalipomchoma.

"Kwa hiyo kwa ufundi wenu mtu asiyependa anaonekana anapenda, na mimi niliyekuwa natazama kola nimeachwa."

"Ndiyo kazi yenyewe. Unampanga mtu mahali, unamwekea mlio, watu wanaelewa."

"Sasa na mimi nieleze, Alen." "Unaponipigia jioni, kwa ile sauti yako ya chini, 'Este, mama, umekula,' ile ni yako au ya kazi? Uliponipeleka Irente, ulinipeleka mimi, au ulinipanga pale kama ulivyonipanga dirishani? Nitajuaje? Hebu niambie nitajuaje!"

Kijana mwenye jibu la kila kitu akasimama kama mtoto aliyeulizwa katekisimu asiyoijua.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sijui utajuaje."

Jibu hilo Esteria hakulitegemea. Angeweza kushindana na maneno matamu, lakini hili "sijui" lilimwacha mikono mitupu. Akavaa ukali.

"Futa."

"Nini?"

"Kicheko changu. Kifute. Humo, na kwenye hiyo mashine yako ya kunasia, na kwenye filamu."

"Este, filamu inaondoka leo."

"Iondoke. Ila mimi sitakwenda nayo."

Alen hakubisha. Akavuta kiti, akainama juu ya kompyuta, akatoa kicheko kwenye kipande cha mgahawani, akarudisha kile kikavu cha Sharifa. Akafuta ile filamu iliyoonyeshwa ukumbini, kisha sauti yenyewe. Akatoa mashine ya kunasia mfukoni, akafuta na humo, huku Esteria anatazama bega kwa bega. Halafu akampigia Ibrahimu.

"Kaka, kile kicheko kimetoka... Cha mgahawani, ndiyo... Hapana, hakirudi. Nimekifuta... Chote... Kaka, kilikuwa na mwenyewe na hatukumwomba."

Sauti ya Ibrahimu ilisikika mpaka kwenye mapeasi. "Umerogwa! Umerogwa na fundi cherehani! Tumeshindwa kabla hatujafika!"

"Pengine," Alen akasema, akakata.

Esteria alikuwa amepata alichotaka, na badala ya kutulia akaona moyo unamzama. Kile kicheko! Hajawahi kucheka namna ile tena, na hakuwa na hakika kama atacheka tena. Kimetoka mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja, na yeye mwenyewe kaamuru kiuawe. Akamshika Alen mkono wa sweta.

"Umekifuta kweli?"

"Si umesema nifute?"

"Nakala nyingine huna? Hata kidogo? Hata kwenye simu?"

"Sina."

"Hakuna kabisa?" Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Alen, sasa hakipo popote!"

Alen akamtazama. Safari hii hakutumia ile sauti ya chini. Sauti ilimtoka ya kukwaruza, ya mtu ambaye hakulala.

"Mimi nilikuwepo, Este."

Esteria akafuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani. Bado alikuwa amekasirika. Bado hakujua nani alimpanga nani, wala kama siku moja atalijua hilo. Ila lile neno lililokuwa limemkwama siku zote hizi lilikuja lenyewe, bila filimbi wala mwanga.

"Nakupenda," akasema.

Alen akashtuka, na kwa mazoea ya kazi yake mdomo ukamponyoka: "Rudia."

"Hii hairudiwi, Alen. Umesikia, hukusikia?"

"Nimesikia."

"Mshenga wako ni nani?"

"Mjomba Kornelio, kule Mlola."

"Aje Jumamosi. Baba ataniita aniulize kama ninamfahamu huyo aliyemtuma. Nitaitikia mwenyewe."

Nje, mama akakohoa.